Chupa Iliyohitaji Kupumzika

Jumatatu ile nilimpeleka Achiel Walravens hospitali kwa mwendo ambao hata wastaafu waliopanda baiskeli walitupita, na mmoja wao aligeuka kutuangalia kwa huruma. Achiel mwenyewe hakuwa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mdogo wake, Remi, aliyelazwa mjini katika wodi ya watu ambao madaktari wameacha kuwadanganya. Haraka ilikuwepo, kwani daktari alishasema zimebaki siku, na aliposema siku hakuonyesha kwamba anafikiria nyingi. Tulikwenda polepole kwa sababu Achiel alikuwa amepakata chupa ya bia.

Chupa ilikuwa imelala ubavu ndani ya kikapu chembamba cha fito, kikapu kiko mapajani, na mkanda wa gari ameuzungusha kwenye kikapu badala ya tumbo lake. Tungegonga mti, bia ingepona.

"Tuta, Wannes."

"Nimeliona, mzee."

"Umeliona baada ya kulipanda."

"Barabara hii sikuijenga mimi."

"Wewe umesoma nusu ya kila kitu. Hata kuendesha umeachia njiani."

Nilibadilisha gia. Mimi ni jirani yake, gari ni langu, mafuta ni yangu, na nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Lakini ukibishana na Achiel kuhusu bia au kitu chochote kilichobeba bia, utashinda siku Papa atakapooa.

Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Baba yake, Gommaar, alikuwa mchanganyaji wa bia ya geuze katika kijiji chetu cha Wolvenkouter, huku Pajottenland, karibu na Brussels, na babu yake pia. Mchanganyaji hapiki. Kupika huwaachia wenye masufuria makubwa. Yeye hununua bia changa iliyochachuka yenyewe kwa hewa ya bonde letu, huifungia kwenye mapipa ya mwaloni, kisha huisahau kwa makusudi: hii mwaka mmoja, ile miwili, ile mitatu. Halafu huchanganya changa na nzee, hutia kwenye chupa nene, huziba kwa kizibo na waya, na kuilaza tena gizani mpaka ipate mapovu. Ni bia kali yenye uchachu, na mgeni akiionja mara ya kwanza huitazama chupa kuhakikisha hajapewa siki. Sisi tunayaita hayo matusi, lakini matusi tuliyoyazoea.

Chupa za Gommaar hazikuwa na karatasi za nembo. Alizipiga mstari wa chokaa upande wa juu, ili miaka ikipita ujue mashapo yamelala upande gani, na uibebe hivyohivyo mpaka mezani bila kuigeuza. Chupa ilikaa ubavu mmoja maisha yake yote kwa uaminifu ambao ndoa nyingi za Wolvenkouter haziufikii.

Gommaar alipokufa, kazi waliirithi wote wawili. Remi alikuwa na pua. Achiel alikuwa na sauti. Remi alishinda ghalani akinusa mapipa kama daktari wa watoto, na Achiel alizunguka kwenye mabaa akiwaeleza watu namna ya kunywa. Kwamba bilauri isuuzwe kwa maji baridi, isifutwe kwa kitambaa. Kwamba geuze haitoki kwenye jokofu kama soda. Kwamba chupa iliyosafiri haifunguliwi siku hiyo, maana mashapo yamevurugika, na atakayeinywa atakunywa matope na kuisingizia bia. Watu walimcheka na wakamtii. Mimi mwenyewe sijawahi kufuta bilauri kwa kitambaa, na sina imani na kitu kingine chochote.

Mwaka tisini na nne Remi alichanganya bia ambayo ndani yake alitia pipa namba saba. Pipa hilo lilikuwa na miaka minne, na Achiel alitaka liuzwe kwa mtengeneza siki. Remi alisema humo mna kitu. Chupa elfu nne zikalazwa. Walipofungua ya kwanza baada ya mwaka, bia ilitoka bila sauti, nzito na tepetepe kama ute wa yai, ikining'inia kutoka mdomo wa chupa mpaka kwenye bilauri.

"Inaumwa," alisema Remi. "Itapona."

Hilo huku kwetu linajulikana. Bia huugua, na ikiachwa hupona. Kisichojulikana ni itachukua muda gani, na kama ugonjwa wenyewe ni ule wa kupona. Achiel aliipa mwaka mwingine. Miaka hiyo watu walikuwa wameanza kupenda bia tamu za sukari na matunda, mabaa yalikuwa yanafungwa, na kijijini walishaanza kuuliza kama akina Walravens sasa wanauza mafuta ya mashine. Mwaka tisini na sita Remi alikwenda kupasuliwa ngiri. Alipokuwa kitandani huko, Achiel aliwaita vibarua wawili na nyundo, wakavunja shingo za chupa kwa siku tatu na kumwaga zote mtaroni. Povu lilifika mlango wa kanisa. Ng'ombe wa Verdoodt waliokunywa pale chini walilala mchana kutwa, na Verdoodt anasema maziwa yalikuwa mazuri kuliko kawaida, lakini Verdoodt husema mengi. Mapipa Achiel aliyakata nusu na kuyatoa kwa watu wapandie maua. Namba saba limepandwa jeranio mbele ya nyumba ya daktari wa meno.

Remi alirudi na nyuzi zake tumboni akakuta ghala tupu. Hakupiga kelele. Alipata kazi ya kuendesha lori la maziwa, akaifanya mpaka akastaafu. Na kila Jumapili baada ya misa alikuja kwenye baa ya Godelieve, akavuta kiti karibu na kaka yake, akaagiza maji.

"Yenye mapovu au bila?" Godelieve aliuliza siku ya kwanza, akidhani ni mzaha.

"Bila. Mapovu nimeacha."

Mwanaume wa Wolvenkouter kuagiza maji ndani ya baa ni kama kuja misani bila suruali. Miaka ishirini na saba alifanya hivyo, kila Jumapili, mbele ya macho ya Achiel, akizungumza naye kwa upole kuhusu viazi na mbio za baiskeli na magoti. Hawakugombana hata mara moja. Jambo lenyewe halikutajwa, kwa sababu lilikuwa limebaki swali moja tu, na hakukuwa na chupa ya kuuliza: ile bia ilikuwa imekufa, au ilikuwa inaumwa?

Kisha mwaka huu, mwezi wa kumi, fundi alikuja kung'oa tangi la mafuta katika ghala la Achiel. Nyuma ya tangi, chini kabisa, ilikuwepo chupa moja. Imelala, chokaa juu, na kando ya chokaa namba za mwaka kwa mwandiko wa Remi.

Achiel alikaa na habari hiyo wiki mbili. Aliniambia ndani ya gari, tukiwa tumesimama kupisha trekta.

"Ungeweza kuivunja," nilisema. "Nani angejua?"

"Ningeweza."

"Mbona hukuivunja?"

Alitazama kikapu. "Trekta limepita. Twende. Polepole."

Remi alikuwa amekonda mpaka masikio yake yalionekana ya kuazima. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa, na joto la kuotesha nyanya. Nesi aliyekuwa akimbadilishia mto aliitwa Lieselot, msichana mrefu mwenye mikono ya mkulima na sauti ya mwalimu wa chekechea. Remi hakututazama sisi. Alitazama kikapu.

"Hicho ni cha baba."

"Ndicho," alisema Achiel.

"Na ndani?"

"Tisini na nne."

Lieselot aliacha kupiga mto.

"Si ulizimwaga zote?"

"Nilidhani."

"Ulidhani." Alijaribu kucheka akakohoa. "Kaka, hata kuharibu hukumaliza."

Aliomba aione. Achiel alikiinua kikapu chote, kwa taratibu, mpaka kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya kioo cha kijani, mashapo yalikuwa yamepanda na kuzunguka kama moshi wa sigara.

"Umeitikisa," Remi alisema.

"Si mimi. Ni huyu na gari lake."

"Ni matuta," nilisema.

"Ni dereva," walisema wote wawili kwa pamoja, na nadhani hilo ndilo jambo la mwisho walilowahi kukubaliana bila kujadili.

Lieselot alisema ana bilauri jikoni, na kwamba katika wodi yao bia inaruhusiwa, hata daktari huipenda zaidi ya baadhi ya dawa. Walimtazama kama mtu aliyetema mate altareni.

"Imesafiri," Achiel alimweleza. "Inatakiwa ipumzike."

"Ipumzike kwa muda gani?"

"Siku mbili," alisema Achiel.

"Wiki," alisema Remi.

"Babu Remi, wiki..." Lieselot akasita.

"Sema tu, binti yangu. Sikuja hapa likizo."

"Wiki ni nyingi."

"Basi siku tatu. Alhamisi, saa nne asubuhi." Kisha Remi, akiona yule msichana bado hajaelewa, alimwambia kwa subira: "Tukiifungua sasa, tutakunywa matope. Huyu atasema, unaona, iliharibika. Mimi nitasema, hapana, ni mashapo tu. Na tutazikwa tukiwa bado tunabishana. Nimengoja miaka ishirini na saba. Nataka siku hiyo asiwe na pa kujificha."

"Na wewe pia," alisema Achiel.

"Na mimi pia."

Chupa iliwekwa bafuni, sakafuni, mahali pa baridi kuliko pote. Bado Achiel aliona ni joto. Walizima kipasha joto cha chumba kwa ajili ya chupa, na mgonjwa akaongezewa blanketi mbili. Ilikuwa Novemba. Mlangoni mwa bafu Achiel alibandika karatasi iliyoandikwa USIINGIE, INAPUMZIKA. Mfanya usafi alipita kwa kunyata siku tatu, akiamini humo kuna marehemu.

Jumanne tulikaa naye mchana kutwa. Remi alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Alizungumzia pipa namba saba, jinsi lilivyonuka maganda ya tofaa na nyasi kavu, na chini yake kabisa kitu ambacho hakuwahi kukipatia jina, na ambacho alikuwa akikitafuta tangu utoto katika kila pipa la baba yao. Achiel alisikiliza akiwa amevaa koti na kofia, kwa sababu chumba kilikuwa kinatutoa moshi midomoni.

"Unajua kinachonisumbua?" Remi alisema. "Kama kweli iliharibika, basi ulifanya sawa, na mimi nimekunywa maji bure miaka yote hii."

"Na kama haikuharibika?"

"Basi wewe ndiye uliyekunywa bure."

Achiel alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Jumatano Remi hakuzungumza sana. Alilala, akaamka, akauliza ni siku gani, akalala. Saa nane mchana Lieselot alitushika mikono, akatutoa mpaka ukumbini, na sauti ya chekechea aliiacha mlangoni.

"Ifungueni leo."

"Tulisema Alhamisi," alisema Achiel.

"Alhamisi ni yenu, mzee. Sijui kama ni yake."

"Yeye ndiye aliyeipanga."

"Watu hupanga mengi wakiwa wamelala hapa. Jana mmoja alikuwa anapanga kununua farasi."

Achiel aliingia bafuni na tochi ndogo. Nilimfuata. Alipiga magoti sakafuni, jambo lililomchukua muda, akamulika chupa kwa upande. Niliona kwa macho yangu. Ilikuwa safi. Mwanga ulipita ndani ya kioo kama unavyopita dirishani, na mashapo yalikuwa yamelala yote upande wa chini, mstari mwembamba, meupe, yametulia.

"Tayari hiyo," nilisema.

"Bado kidogo."

"Mzee, ninaona mpaka vigae vya upande wa pili."

"Shingoni, labda. Tumboni bado." Alizima tochi. "Mkono, nisaidie kuinuka."

Alikwenda akamwambia mdogo wake kwamba inakwenda vizuri. Remi alifungua jicho moja.

"Ni safi?"

"Kesho itakuwa safi."

"Haya," alisema Remi. Alimwamini. Mtu aliyefanyiwa yale yote, katika jambo la mashapo bado alimwamini kaka yake.

Tulirudi nyumbani. Sikuwa na chupa ndani ya gari, nikaendesha kwa mwendo wa watu, na Achiel hakulalamikia tuta hata moja. Nilipozima injini mbele ya nyumba yake hakushuka.

"Uliona nini pale?" aliuliza.

"Unajua nilichoona."

"Hmm." Aliushika mpini wa mlango akauachia. "Chupa elfu nne, Wannes. Kama alikuwa sahihi, mimi ni nani?"

Nilitakiwa nimjibu. Nilitakiwa nigeuze gari palepale, turudi, tufungue chupa saa kumi na moja jioni, tumalize. Nilisema, "Kapumzike, mzee, kesho nitakufuata saa tatu." Hivyo ndivyo tulivyo sisi watu wa huku. Tunaweza kugombana siku nzima kuhusu umbo la bilauri, lakini mtu akituuliza kitu cha kweli tunaangalia saa.

Alhamisi saa nne kasoro kumi tulikuta Remi yuko macho. Hayo ndiyo yalikuwa mazuri yote. Hakuweza tena kumeza wala kutoa sauti. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Lieselot alikuwa ameweka kando ya kitanda sponji ndogo za kijiti, zile za kulowesha mdomo wa mtu asiyeweza kunywa, na bilauri tatu alizokuwa amezisuuza kwa maji baridi bila kuambiwa na mtu. Hakuzifuta. Achiel aliliona hilo akamwinamishia kichwa.

Alitoa kikapu bafuni kama padri anayetoka na sakramenti. Alikunjua waya. Aliingiza kizibuo chupa ikiwa bado imelala, akavuta bila kuinyanyua, na kizibo kilitoka kwa sauti ndogo sana, kama mtu aliyeshusha pumzi. Miaka ishirini na tisa, na bado ilikuwa na pumzi. Nilimwona Remi akifunga macho kwa sauti ile na kuyafungua.

Achiel alimimina. Haikuwa nzito. Haikuvutika. Ilishuka nyepesi, rangi ya dhahabu ya zamani, na juu yake likasimama povu jeupe, dogo, lililokaa. Alijaza bilauri ya kwanza, akainua mdomo wa chupa kidogo tu ili mashapo yasigeuke. 

Lieselot alichovya sponji, akaipitisha kwenye midomo ya Remi, kisha ndani ya shavu, kisha juu ya ulimi. Tulingoja. Remi alisogeza ulimi. Alitazama dari kama mtu anayetafuta jina. Kisha akatikisa kichwa.

"Hupendi?" aliuliza Lieselot.

Alitikisa tena. Aligusa ulimi wake kwa kidole, akakipeperusha kidole hewani: hakuna kitu. Dawa zilikuwa zimeula ulimi wake zamani. Lieselot alijaribu tena kwa sponji iliyolowa zaidi, na ikatiririka mpaka kidevuni, na hakuna kitu.

Basi Remi alikinyoosha kile kidole kwa Achiel. Wewe.

Sijui kama kuna mahakama popote ambapo mshtakiwa hupewa kazi ya kusoma hukumu. Achiel alivuta kiti, akakaa, akaishika bilauri kwa chini. Aliitazama kwenye mwanga. Aliinusa. Kila kitu kwa utaratibu wa Gommaar, na utaratibu wa Gommaar ulikuwa na mafunda matatu. La kwanza huosha kinywa, maana kinywa kina kahawa na maneno. La pili husikiliza. La tatu ndilo linaloruhusiwa kusema. Kati ya funda na funda unanyamaza mpaka kinywa kitulie, na mtu asiyeweza kungoja mpaka la tatu huku anaitwa mtu wa Brussels.

Alikunywa funda la kwanza, na alijua. Mtu yeyote ndani ya chumba kile angejua. Uso wake ulishuka wote kwa pamoja, kama hema lililokatwa kamba. Remi alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, shingo imekaza, macho kwa kaka yake.

"Sema, mzee," nilisema.

Aliinua kidole. Ngoja.

"Mzee Achiel," alisema Lieselot taratibu.

Kidole kilibaki juu. Hakuwa katili. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa anataka kumpa mdogo wake hukumu kamili, yenye kustahili miaka yote ile, isiyoweza kukatiwa rufaa, na hakujua namna nyingine ya kuitoa. Alingoja kinywa kitulie. Alikunywa la pili. Aliingiza hewa kidogo puani. Nje, mtu alikuwa anarudisha lori nyuma na lori lilikuwa linalia. Achiel alingoja limalize. Sote tulimtazama Achiel, macho yake yaliyofumbwa, koo lake la kuku likipanda na kushuka, na Lieselot aliyekuwa ameshika kifundo cha mkono wa Remi naye alimtazama Achiel.

Alikunywa la tatu. Akameza. Akafungua macho.

"Ilipona, Remi," alisema. Aliinama karibu na sikio lake. "Ilikuwa inaumwa tu. Lile pipa la saba, lipo, lipo humu, tofaa na kile kingine pia, kile cha chini, nimekipata. Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye mpumbavu. Umesikia? Mimi ndiye niliyeiua."

Kichwa cha Remi kilikuwa kimerudi kwenye mto.

"Mzee Achiel," alisema Lieselot, na hakuongeza kitu.

Achiel alibaki ameinama. Kisha aliuliza, akiwa bado pale sikioni, "Amenisikia?"

Lieselot alikuwa nesi mzuri na jibu alikuwa nalo tayari, wanalo wote. "Husikia mpaka mwisho, mzee. Kusikia ndiko hutoka baadaye."

"Sikuulizi kuhusu watu. Nauliza kuhusu huyu."

Lieselot alitazama saa ya ukutani, kwa kuwa alihitajika kuandika dakika ya kifo, na niliona kwamba dakika hakuwa nayo. "Sijui," alisema.

Achiel aligeukia kwangu. "Wewe ulikuwa unamtazama."

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Wote?"

"Wote, mzee."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo tayari alikuwa ameisikia kwingine. Lieselot alimfumba Remi macho, akamfuta kidevu pale bia ilipotiririka, akatoka kwenda kumwita daktari. Akipita alifungua kipasha joto cha chumba, kwa mazoea tu, na mabomba yakaanza kugonga.

Chupa ilikuwa bado na zaidi ya nusu. Nilidhani ataiacha. Lakini Achiel alijimiminia tena, vilevile kwa kuinamisha, na akaniwekea mimi katika bilauri ya pili. Ya tatu ilibaki tupu, na hakuiondoa.

Geuze nzuri hufunguka ikipata joto. Baridi huificha, na kadiri chumba kinavyopashwa ndivyo inavyoanza kutoa vitu, kimoja kimoja. Achiel alikunywa akiwa ameushika mkono wa mdogo wake juu ya blanketi. Alipojaza mara ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza, niliona usoni mwake, na mara ya tatu ikawa bora kuliko ya pili. Kila mara alisimama kati ya funda na funda. Hakukosea kanuni hata moja. Alipofika karibu na mashapo aliinua chupa palepale panapotakiwa, akaiacha ilale kikapuni na kijiko kimoja cha matope ndani yake.

Mimi nilikunywa yangu. Niliizungusha mdomoni muda mrefu. Kulikuwa na ganda la tofaa, na nyasi kavu, na limau lililosahaulika kabatini, na chini yake kitu kilichonifanya nitake kukaa chini ingawa nilikuwa tayari nimekaa. Nilitafuta kasoro nimpe. Nilitafuta kwa moyo wote.

"Kuna ukakasi kidogo mwishoni," nilisema.

"Hakuna," alisema Achiel.